Simu zinafika Wete, risiva hazifiki

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naandika kwa sababu ya kidude kisichozidi kidole gumba. Nimekitafuta mwaka mzima, kutoka Wete, hapa Pemba, mpaka Darajani, Unguja, na nimeona bora nilete malalamiko yangu gazetini kuliko kuendelea kumweleza mwenye duka mmoja mmoja na kila mmoja kunipa jawabu lile lile: mzigo unakuja.

Mimi ni mpiga picha za harusi, nakaa Limbani, na katika kazi hii huu ni mwaka wangu wa 11. Kidude ninachokisema sisi tunakiita risiva. Unakichomeka kwenye tundu la chaja la simu, maiki yake unaibana kwenye kanzu ya bwana harusi au ya sheikh, na sauti inaingia kwenye video bila waya. Ukiwa nayo unaweza kukaa safu ya tatu msikitini na ukamsikia vizuri mtu anayesema kwa sauti ya chini kuliko feni iliyo juu ya kichwa chake. Ukiwa huna, utakachorudi nacho nyumbani ni hiyo feni, kikohozi cha wazee na bodaboda zinazopita nje.

Asiyezijua harusi zetu huenda akajiuliza kwa nini nihangaike na sauti kiasi hiki. Nikaha hufungwa msikitini, wanaume watupu. Biharusi yuko kwao, chumbani, ameshapambwa, kazungukwa na shangazi zake na somo wake. Mama yake yuko uani na wageni na masufuria ya pilau. Hawa wawili ndio wenye shughuli, na hawapo pale neno linapotamkwa. Walii, msimamizi wa biharusi, anasema nimekuozesha, kijana anajibu nimekubali, inaombwa dua, halafu habari inaletwa nyumbani na kupokewa kwa vigelegele. Mama zetu wamehadithiwa ndoa zao. Yangu ilifungwa mwaka 2006 na mpaka leo naijua kwa maneno ya kaka yangu: kwamba mume wangu alijibu haraka mno, sheikh akamwambia arudie pole pole. Ningetoa fedha nyingi kuisikia sauti ile. Basi mteja anaponiambia, "Picha nipe zozote, lakini kukubali kwake nikusikie," sihitaji anieleze zaidi.

Upande wa wanawake nachukua mwenyewe, maana familia nyingi hapa hazikubali mwanamme aingie ukumbini na kamera. Msikitini anaingia mdogo wangu wa kiume. Mimi nina kamera, yeye ana simu, na simu hiyo ndiyo inayobeba nikaha yote.

Februari 2024, wiki tatu kabla ya Ramadhani, simu yetu ya zamani ilikuwa imechoka, haimalizi hata maulidi mafupi bila kuzima. Nikanunua mpya, iPhone 15, ya toleo la 2023, hapa hapa Wete, duka ambalo halifiki hatua 100 kutoka sokoni. Muuzaji alikuwa nazo 3. Ukutani kwake kulikuwa na kava za simu hiyo hiyo, nikazihesabu huku nikingoja chenji: 14, zenye maua, zenye kung'ara, zenye pete ya kushikia. Protekta za kioo zilikuwepo pia. Nikamuuliza, "Mwanangu, na risiva ya maiki ya kuingia tundu hili unayo?" Ndipo nilipolisikia jawabu hilo kwa mara ya kwanza: "Mzigo unakuja, mama." Kijana yule mstaarabu, wala simlaumu. Nimemtaja kwa ajili ya zile kava. Aliyeweza kuleta kava 14 za simu 3 angeweza kuleta na risiva moja.

Risiva yetu ya zamani haikuwa mbovu. Haikuingia tu. Tangu Septemba 2012, ilipotoka iPhone 5, simu za Apple zilikuwa na tundu la Lightning, na maiki yetu ilitengenezwa kwa tundu hilo. Septemba 2023 ikatoka iPhone 15 yenye tundu la USB-C, lile ambalo simu nyingi za Android zilikuwa nalo kwa miaka. Nyuma ya mabadiliko hayo kulikuwa na Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2022 ulipitisha sheria kwamba simu, tableti, kamera na hedfoni zinazouzwa kwao ziwe na tundu la aina moja. Sheria hiyo imeanza kufanya kazi tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta za mkononi zikapangiwa 28 Aprili 2026. Sina ugomvi nayo hata kidogo. Ninalo kopo la biskuti limejaa nyaya za kila mdomo, na siku nitakayolitupa nitashukuru. Lakini sheria ya Ulaya imeishia Ulaya. Imelibadilisha tundu la simu iliyoko Limbani, haikusema risiva ya tundu hilo itafikaje Limbani.

Nikaanza kutafuta. Maduka ya simu ya Wete nayajua yote, nikayamaliza kwa siku moja. Chake Chake nilikwenda kwa daladala, kilomita 30 hivi, nikaingia maduka 6. Moja lilikuwa na risiva 5, zote za tundu la zamani, na muuzaji akanipunguzia bei kabla sijamwomba, akitaraji nimwondolee mzigo. Nikaamua kwenda Unguja. Kwa mtu wa Wete kwenda Darajani si kutoka na kurudi: niliamka saa 9 za usiku, gari mpaka Mkoani, boti, na usiku nikalala kwa wifi yangu Mwembeladu. Shughuli ya Jumamosi nikamwachia mwenzangu. Nauli na chakula vilikula shilingi 110,000, na risiva yenyewe bei yake niliyotajiwa ni 85,000. Pale Darajani duka moja lilikuwa limeuza ya mwisho jana yake. "Zilikuja 4, dada, zimekwisha siku ya pili."

Mzee mmoja mwenye duka Mlandege, huko huko Unguja, Mungu ampe umri, alinipa kiti akanieleza biashara yake ilivyo. Yeye huenda Dubai mara 3 kwa mwaka. iPhone 15 ilipoanza kuuzwa tarehe 22 Septemba 2023, nchi na maeneo zaidi ya 40 yaliipata siku hiyo. Tanzania haikuwemo, Falme za Kiarabu zilikuwemo. Ndiyo sababu simu zile zilitufikia mapema, kwenye mabegi ya watu kama yeye. Lakini begi lina kilo zake. Simu moja inamwachia faida ya kuonekana, risiva inamwachia shilingi 10,000, na boksi la maiki si dogo kuliko boksi la simu. Kisha akavuta katoni chini ya kaunta. Ndani mlikuwa na maiki za Lightning, mpya kabisa, alizozinunua miezi miwili kabla tundu halijabadilika. "Hizi nizipeleke wapi, binti yangu?" Tangu siku hiyo haleti kitu cha kuchomeka mpaka asikie watu wengi wanakiuliza. Na wakishauliza, angoje safari nyengine ya Dubai. Hapo miezi mitano imekwenda.

Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunipa risiva. Niliporudi Pemba Ramadhani ilikuwa inakatika, na Mfunguo Mosi kwetu ndio mwezi wa harusi. Kuna Ijumaa nakuwa na shughuli mbili, moja Wete na moja Konde. Nikafanya ambalo wengi tunalifanya tukibanwa: nikanunua cha kubahatisha. Ilikuwa adapta ndogo ya kuubadilisha mdomo wa Lightning uwe wa USB-C, ili risiva ya zamani iendelee kutumika. Duka silitaji. Muuzaji aliapa kuwa ni orijino, na boksi lilikuwa zuri, lina maandishi ya dhahabu. Shilingi 45,000, na waya wa chaja juu yake, zawadi. Nikaijaribu nyumbani dakika tano, ikafanya kazi.

Harusi ilikuwa Mtambwe. Mdogo wangu alimbana bwana harusi maiki kwenye koti, akaona alama ya sauti inapanda na kushuka kwenye kioo cha simu, akatulia. Usiku, nyumbani, nikakaa kusikiliza. Khutba ya nikaha ipo, ina mvumo kama wa nyuki lakini ipo. Walii yupo, sauti yake inatetemeka kidogo: nimekuozesha binti yangu kwa mahari mliyokubaliana. Kisha kimya. Mdomo wa kijana unaonekana unasema, hakuna kitu. Sauti inarudi watu wakiitikia amina.

Nikairudia, nikabadilisha hedfoni, nikaipeleka kwenye kompyuta, nikamwamsha mdogo wangu saa 7 za usiku. Hakuna.

Siku ya nne nilikwenda Mtambwe mwenyewe, maana jambo kama hili halipelekwi kwa ujumbe wa simu. Mama wa biharusi aliangalia bila kusema mpaka pale, akanigeukia. "Mwanangu, iko wapi sauti ya kijana?" Nikamwambia imepotea. Akauliza kama yapo mafundi wa kuirudisha. Nikamwambia hawapo, kwa sababu haikuingia. Nilimrudishia nusu ya malipo, akaipokea kwa vile nilishikilia, na hakunambia neno baya hata moja. Ingekuwa nafuu kwangu kama angeniambia.

Adapta ile nilimpelekea fundi simu wa mtaani kwetu, akaipasua kwa wembe akaniwekea kioo cha kukuza. Lehemu ilikuwa imeachia sehemu mbili. Ikipata moto inaachia, ikipoa inashika tena, ndiyo maana dakika tano za nyumbani hazikunionesha kitu. Akauchukua na ule waya wa zawadi, akaukata katikati. Ndani mlikuwa na nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi. Waya wa USB wa kawaida kabisa una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Ule kazi yake ilikuwa kuchaji tu. Ningejaribu kuhamishia video kwenye kompyuta kwa waya ule ningekaa mpaka asubuhi nikidhani simu ndiyo mbovu. Na hili linawapata watu kila siku hapa: mtu anabadilisha simu, anabadilisha kompyuta, na ugonjwa uko kwenye waya wa shilingi 5,000.

Feki hazikosekani, Mhariri. Adapta na nyaya feki za tundu jipya niliziona zikiuzwa Wete kabla simu zenyewe hazijafika. Mwenye kuleta feki haogopi kubaki na katoni chini ya kaunta, kwa kuwa kila kimoja alikinunua kwa senti. Mwenye kuleta kitu cha kweli ndiye anayengoja. Na wakati yeye anangoja, sisi tuna harusi Ijumaa.

Tangu siku ile ya Mtambwe tumekuwa tukifanya hivi. Ile simu ya zamani tunaichaji mpaka ijae, tunawasha kinasa sauti, tunaitia mfuko wa ndani wa koti la bwana harusi. Nje ya msikiti, kabla hawajaingia, mdogo wangu anapiga kofi moja mbele ya simu zote mbili, ili nikirudi nyumbani nilinganishe kofi la sauti na kofi la picha. Mwenye kuifanya kazi hii anaijua taabu yake. Saa za simu mbili hazikubaliani. Baada ya dakika 40 mdomo na sauti vinaanza kuachana, na mimi nakaa kukata na kuvuta mpaka adhana ya alfajiri. Koti likisugua simu, inasikika kama mtu anafagia ua. Na harusi moja ya Gando tulisahau kuiweka simu katika hali ya ndege, ikalia katikati ya khutba, mfukoni mwa bwana harusi, mbele ya masheikh. Kijana wa watu alitota jasho. Nilikwenda kumwomba radhi yeye na baba yake.

Wapo watakaoniambia niagize mtandaoni. Nimejaribu. Duka la kwanza la nje lilinipa orodha ya nchi na Tanzania haikuwemo. La pili ilikuwemo, lakini kusafirisha kifurushi kulikuwa ghali kuliko risiva, na kifurushi kingeishia Dar es Salaam, nitafute mwenyewe wa kunivushia. Wengine wataniambia, nyinyi Wapemba mna jamaa Maskati. Kweli, nina mjomba Maskati. Mwaka jana alinipelekea chaja, na ikaingia ukutani bila tabu kwa kuwa Oman wana plagi ya pini tatu bapa kama yetu, tofauti na chaja za Marekani tunazoletewa ambazo zinataka adapta juu ya adapta. Lakini mjomba ana miaka 71 na anatembea kwa mkongojo. Sitamtuma kuzunguka madukani kila kampuni inapobadilisha toleo. Na asiye na mjomba?

Jirani yangu anasomesha skuli ya sekondari. Alipewa kompyuta mpya, nyembamba, matundu yake yote ni USB-C, na projekta ya skuli inataka waya wa HDMI. Alikaa muhula mzima akichora seli ya mmea ubaoni kwa chaki, na picha nzuri za seli ziko ndani ya kompyuta iliyo juu ya meza yake. Adapta anayoitaka ni ndogo kuliko kitana.

Novemba 2024 kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, ilitoa maiki mpya inayoitwa Mic Mini. Kile kipande cha kubana kifuani kina uzito wa gramu 10. Watu wa kazi hii wanajua maana ya gramu 10: koti haliinami, bwana harusi anasahau kama kavaa kitu. Mdogo wangu alinionesha video yake siku hizo hizo ilipotoka, tumekaa barazani baada ya isha. Habari zinatufikia pamoja na watu wa Shenzhen. Nikampigia yule mzee wa Mlandege. Hajaileta, anangoja watu waulize. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi ndiye ninayeuliza." Akacheka kidogo, akasema mmoja hamtoshi.

Neno hilo nililala nalo. Sisi wa Pemba tunaulizia mmoja mmoja, leo mimi, wiki ijayo mwalimu, mwezi ujao mpiga picha wa Mkoani, kila mmoja duka lake, na hakuna anayetuhesabu pamoja. Nakumbuka miaka ya majenereta, taa zinavyozimika harusini na watu wakaendelea kwa karabai. Mwaka 2010 umeme ukaja kutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya ule haukuletwa kwa kuwa mtu mmoja wa Wete aliulizia dukani. Kuna watu walikaa wakatuhesabu, kisiwa kizima.

Kwa hiyo tumeanza kujihesabu wenyewe. Wapiga picha wa kike ninaowajua, kuanzia Konde mpaka Mkoani, tuko 9. Nimenunua daftari, kila mmoja ameandika anachotaka na ametoa arbuni, nusu ya bei. Mwalimu ameandika adapta 4 za projekta kwa niaba ya wenzake. Fundi simu wetu ameandika nyaya za kweli za USB-C, zenye kupitisha data, 4, kwa wateja aliokwisha kuwaambia kwamba simu zao ni nzima. Jumla imefika 17. Mzee wa Mlandege amesema zikifika 20 anazileta safari ijayo na ananipa risiti kwa kila jina.

Kwa wenye maduka wa Wete, Chake na Mkoani, ninachoomba ni kwamba mkileta simu 10 za toleo jipya, leteni pamoja nazo risiva 2, nyaya 2 za kweli na adapta 2. Kama mnaogopa kubaki nazo, chukueni arbuni zetu kabla hamjasafiri. Tutatoa. Na kitu kikiwa feki semeni ni feki, mkiuze kwa bei ya feki. Yupo mtu anayetaka waya wa kuchajia redio tu, atakinunua kwa furaha. Mimi ningejua, nisingekipeleka msikitini.

Wafanyabiashara wa Unguja wanaoleta mzigo mkubwa nawaomba wakumbuke kuwa risiva 4 zinazokwisha Darajani kwa siku mbili zina watu wengine wanaozingoja ng'ambo ya mkondo. Moja ikipandishwa boti, haitalala dukani.

Na kwa wanaosimamia mizigo bandarini, ombi langu ni karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe pale watu wanapochukulia vifurushi: maiki inalipiwa nini, adapta inalipiwa nini, waya unalipiwa nini. Wanawake 9 waliochanga fedha zao wanataka kujua hesabu kabla mzigo haujafika, kwa sababu arbuni imeshahesabiwa mpaka shilingi ya mwisho. Mimi kodi sikatai kulipa. Nataka niijue mapema niiandike kwenye daftari.

Yule mama wa Mtambwe ana binti wa pili. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe. Akanambia harusi ni Ijumaa ya pili ya Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani hii, na kazi amenipa mimi. Sikuamini, nikamuuliza kama amefikiri vizuri. Akasema amefikiri. La risiva hakuliuliza, pengine hajui hata jina lake. Aliuliza kama mdogo wangu anaweza safari hii kukaa karibu zaidi na bwana harusi. Nimemwambia ataweza. Daftari bado linataka majina matatu.

Wasalaam,

Mpiga picha za harusi,
Limbani, Wete, Pemba